Kusafisha Shamba Lililojaa Vyuma Chakavu

Katika ukanda wa mkonge wa Mkoa wa Tanga, kuanzia Pangani na Muheza hadi Korogwe, ni nadra kukuta shamba la zamani lisilo na lundo lake. Lundo huanza kwa kitu kimoja kilichowekwa kando kwa siku chache: tela lililovunjika ekseli, likamsubiri fundi ambaye hakuja. Pembeni yake huegemezwa mabati yaliyoliwa na kutu, kwa kuwa huenda yakafaa kuziba banda la kuku. Baadaye huja mapipa, bomba la kupulizia dawa lililopasuka, betri ya trekta iliyokufa, tairi mbili tatu, na injini ya mashine ya kusaga iliyokosa vipuri. Miaka kumi ikipita, magugu yameota juu, nyoka amepata makao, na hakuna mtu wa nyumba hiyo awezaye kutaja kwa uhakika kilichoko chini.

Historia ya eneo imechangia hali hiyo. Mkonge uliingizwa nchini mwaka 1893 na mtaalamu wa Kijerumani, Richard Hindorf, ukapandwa karibu na Pangani, na katika miongo iliyofuata kila shamba kubwa likawa na kiwanda chake: korona ya kuchakata majani, reli nyembamba za kusafirishia mizigo ya majani, karakana, matangi ya mafuta na maghala ya dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Kufikia miaka ya 1990, baada ya kamba za plastiki kuteka soko, kilichozalishwa kilikuwa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Mashamba yalifungwa, watu wakatawanyika, chuma kikabaki. Sehemu ya ardhi hiyo iligawiwa wanavijiji, na aliyepewa ekari zake alipewa pamoja na kilichozikwa ndani yake.

Leo vyuma chakavu vina soko, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo soko hilo lina tabia moja ambayo kila mkazi anapaswa kuielewa kabla hajafungua lango: mnunuzi huchukua chenye bei na kuacha chenye madhara.

Siku ambayo lundo lilipungua

Chukuliwe shamba la mfano la ekari kumi na mbili, lenye sura ya mengi yaliyopo katika kata za ukanda huu. Mwenye nyumba amefariki. Mjane wake anaishi hapo na wajukuu wawili. Watoto wake wengine wako Tanga mjini na Dar es Salaam. Asubuhi moja kijana mwenye guta na mizani ya kuning'iniza anapiga hodi.

"Shikamoo, mama. Naona hapa pamejaa uchafu. Niruhusu niwasafishie, na hela kidogo nitakuachia."

"Marahaba, mwanangu. Beba tu. Hawa watoto kila siku wanaumia miguu."

Ifikapo jioni, sahani za jembe la trekta zimeondoka, rimu zimeondoka, rejeta, injini, kenchi za chuma za banda la zamani, na betri nne. Mama amepokea noti chache bila kuambiwa kilo ngapi za nini. Kijana naye hakuwa mwizi wala mwongo; alifanya kazi yake kama alivyoizoea. Lakini betri zilimwagwa maji yake ya asidi chini ya mwembe kabla ya kupimwa, kwa sababu mnunuzi mkubwa hataki kulipia uzito wa maji. Kenchi zilitolewa kwa kuvunja vigae vya asbesto vilivyokuwa juu yake, na vipande vimesambaa uani. Mapipa mawili yenye mabaki ya dawa yalimiminwa kwenye mfereji ili yawe mepesi. Tairi zimeachwa, kwa kuwa hazina bei. Lundo limepungua kwa macho. Kwa madhara limeongezeka, na safari hii madhara hayo yapo juu ya ardhi, mahali wajukuu wanapochezea.

Kila kosa katika siku hiyo lilitokana na mpangilio wa kazi. Kama hatari ingeondolewa au kutengwa kwanza, na biashara ikafuata, vyuma vilevile vingeuzwa kwa fedha nyingi zaidi na uwanja ungebaki salama.

Kukagua na kuandika

Kazi huanza kwa daftari na kalamu. Watu wazima wawili, wakiwa na viatu vya kufunika miguu na fimbo ndefu, hulizunguka shamba lote na kuandika wanachokiona bila kugusa kitu. Kila kitu hupewa mahali pake: nyuma ya ghala, kando ya kisima, chini ya mkorosho. Siku hiyo watoto wasiwepo.

Jambo la kuandikwa mapema zaidi ni mashimo. Mashamba ya zamani yana visima vilivyoachwa, mashimo ya karakana ambamo mafundi walisimama chini ya magari, na matangi yaliyochimbiwa ardhini. Mengi yalifunikwa kwa bati, na bati likafunikwa na majani. Kwa hiyo kila bati lililolala chini lichukuliwe kuwa limefunika shimo hadi ithibitike vinginevyo. Kulipiga kwa fimbo na kusikiliza mlio wake kunatosha kuokoa mguu, na pengine maisha.

Pamoja na mahali, daftari lionyeshe mwenye mali. Suala hili huonekana dogo hadi fedha zinapotoka. Trekta bovu la marehemu ni sehemu ya mirathi, hata kama halijawaka kwa miaka ishirini. Mjane au mtoto aliyebaki nyumbani akiliuza bila ridhaa ya warithi wengine, au bila msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, huweza kujikuta akidaiwa na ndugu zake mwenyewe. Mashauri ya namna hiyo huchukua miaka, ilhali mazungumzo ya simu na karatasi yenye sahihi za warithi huchukua jioni moja tu. Mama wa mfano wetu hakuuliza mtu. Mwanawe wa kwanza alipokuja sikukuu, aliulizia sahani za jembe kabla hajauliza hali ya nyumbani.

Vipo pia vitu vilivyomo shambani ambavyo si vya shamba. Vipande vya reli ya taifa na vifungio vyake, nyaya na vyuma vya nguzo za umeme, mita na mabomba ya maji ya umma, vibao vya barabarani, pamoja na bikoni za mipaka zilizowekwa na wapima ardhi: hivi havina bei halali hata kama viliokotwa. Anayekutwa navyo huulizwa alivipataje, na jibu la kuvikuta vimelala tu halimsaidii sana kituoni. Reli nyembamba za mashamba ya mkonge ni jambo tofauti, lakini nazo zaweza kuwa na mwenyewe, iwe mwekezaji au taasisi iliyorithi shamba kubwa. Barua fupi kupitia ofisi ya mtendaji wa kijiji huondoa shaka.

Visivyoguswa kabisa

Katika daftari hilo kutakuwa na vitu vichache ambavyo mkazi hapaswi kuvigusa kwa namna yoyote. Cha kwanza ni chuma chochote chenye umbo la yai, chupa au risasi kubwa kisichoeleweka kazi yake. Mkoa wa Tanga ulikuwa uwanja wa vita mwezi Novemba 1914, na mikoa ya magharibi ilipitia Vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979. Mnamo Novemba 2017, katika shule moja ya msingi wilayani Ngara, bomu la mkono lililookotwa na mtoto aliyedhani ni chuma chakavu lililipuka na kuua wanafunzi watano na kujeruhi wengine wengi. Mtoto huyo alikuwa akifanya kile ambacho watoto wa vijiji vingi hufanya baada ya masomo: kukusanya vyuma vya kuuza. Kitu cha namna hiyo kikionekana, mahali pawekewe alama kwa mbali, watu waondoke, na polisi waarifiwe. Kisisogezwe hata hatua moja, wala kisimwagiwe maji, wala kisipigwe picha kwa karibu.

Cha pili ni transfoma ya zamani. Baadhi ya transfoma za miaka ya nyuma zilijazwa mafuta yenye kemikali zinazodumu mwilini na ardhini kwa muda mrefu sana. Wapo wanaoyatoa mafuta hayo kwa kupaka vidonda au kukaangia; desturi hiyo ni sumu isiyo na mjadala. Transfoma iripotiwe kwa shirika la umeme.

Mapipa na mitungi yana hadithi yake. Watu wengi huamini kuwa pipa tupu la petroli ni salama kuliko lililojaa. Kinyume chake ndicho kweli: kinacholipuka ni mvuke, na pipa tupu lina nafasi tele ya mvuke. Cheche moja ya grenda au ncha ya moto wa gesi ya kukatia hutosha kulirusha paa la karakana pamoja na fundi. Pipa lisikatwe nyumbani. Liuzwe zima, likiwa limefunguliwa mfuniko, na mnunuzi aambiwe lilibeba nini.

Vigae vya asbesto

Majengo mengi ya mashamba ya zamani yaliezekwa kwa asbesto, yaani vigae vya saruji iliyochanganywa na nyuzi za madini. Huonekana kama mabati mazito ya kijivu, yenye mawimbi makubwa, na hutoa mlio mfupi usio wa chuma yanapogongwa. Kigae kizima kilichotulia paani hakina haraka. Hatari iko katika vumbi lake, kwa sababu nyuzi hizo ni nyembamba mno kuonekana kwa macho, huingia ndani kabisa ya mapafu na kukaa humo. Ugonjwa hujitokeza baada ya miaka ishirini, thelathini au arobaini, wakati ambapo hakuna anayekumbuka tena siku ya kuvunja banda.

Kwa hiyo vigae visivunjwe, visikatwe kwa msumeno, visitobolewe wala kufagiliwa vikiwa vikavu. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii nyuzi hizo. Vikiwa tayari vimevunjika, kama ilivyotokea kwa mama wa ekari kumi na mbili, vipande hulowanishwa kwa maji taratibu, hufunikwa kwa turubai, mahali hapo pakazungushiwa kamba, kisha afisa mazingira wa halmashauri akaarifiwa aelekeze namna na mahali pa kuvipeleka. Kutumia vipande hivyo kujazia mashimo ya barabara ya kijiji, jambo linaloonekana hapa na pale, ni kuigawa hatari kwa majirani wote.

Dawa za zamani na vyombo vyake

Ghala la shamba la zamani huwa na kona moja ambayo hakuna anayependa kuisogelea. Humo mna mifuko ya unga uliogandamana, chupa zisizo na lebo, na madumu yenye mabaki ya kahawia chini. Baadhi ni viuatilifu vilivyokwisha kupigwa marufuku. Baadhi ni dawa za majosho. Majosho ya miaka ya mwanzo yalitumia aseniki, na aseniki haiozi. Ardhi inayozunguka josho la zamani haifai kwa bustani ya mchicha hata leo, ijapokuwa mchicha huota hapo vizuri na kuvutia.

Makosa manne hurudiwa mno. Kuchoma dawa hugeuza sumu moja kuwa moshi wenye sumu kadhaa. Kuzifukia huzisogeza karibu na maji ya kisima. Kuzitupa chooni hufanya vivyo hivyo kwa kasi zaidi. Kuzimwaga mtoni huwafikia watu wa chini ambao hawajui kilichotokea, na samaki hufa kabla ya watu kushtuka.

Lililo sahihi ni kutozisogeza zaidi ya inavyolazimu. Chombo kinachovuja huwekwa, kikiwa wima, ndani ya ndoo kubwa yenye mfuniko, na kuzungushiwa udongo mkavu au maranda. Lebo isibanduliwe, kama haipo, ndoo iandikwe SUMU kwa rangi. Mlango wa ghala ufungwe kwa kufuli na taarifa ipelekwe kwa afisa ugani wa kata, naye huwasiliana na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Glavu za mpira, miwani na mikono mirefu ni lazima. Kula au kuvuta sigara wakati wa kazi hiyo hakuruhusiwi hata kidogo.

Madumu matupu ya dawa zinazotumika sasa yana utaratibu rahisi. Mara tu dawa inapoisha, dumu hujazwa maji robo, hufungwa, hutikiswa vizuri, na maji hayo humiminwa ndani ya bomba la kupulizia ili yatumike shambani. Hufanywa hivyo mara tatu, kisha dumu hutobolewa lisiweze kutumika tena. Dumu la miaka mingi ambalo dawa imekaukia ndani halisafishiki kwa njia hiyo. Hata likisuguliwa kwa sabuni, mchanga na majivu, halifai kubeba maji ya kunywa, mafuta ya kupikia wala tembo la mnazi. Inasikitisha kwamba sokoni bado hupatikana madumu mazuri ya bei ndogo ambayo hakuna anayeuliza yalikotoka.

Betri

Kati ya vitu vyote vya lundo, betri ndiyo yenye bei nzuri na madhara makubwa kwa pamoja, na kwa hiyo ndiyo inayofunguliwa kwa papara zaidi. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Maji yaliyomo ni asidi inayounguza ngozi na macho, na ndani ya maji hayo kuna risasi iliyoyeyuka. Yanapomwagwa, asidi hufifia ardhini baada ya muda. Risasi hubaki palepale katika tabaka la juu la udongo, mahali kuku wanapoparua na watoto wanapotambaa. Mtoto anayeilamba kwa vidole vyake hapati homa ya ghafla ambayo mama angeitambua. Hudhoofika kidogo kidogo katika akili, usikivu na ukuaji, na mwalimu humwita mzito.

Ukubwa wa janga hili ulionekana Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi katikati ya makazi hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Kenya iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za nchi hiyo, na shauri likaendelea katika ngazi za rufaa. Kile kilikuwa kiwanda. Lakini mtu anayeyeyusha risasi uani kwa sufuria ili kutengeneza chubwi za nyavu za kuvulia, kama ifanyikavyo pwani, anafanya jambo lilelile kwa kipimo cha nyumba moja, na mara nyingi sufuria hiyo hurudi jikoni.

Betri huuzwa nzima, ikiwa na maji yake, ikisimama wima. Mnunuzi asemaye kwamba lazima imwagwe kwanza aambiwe aende. Kuna wengine.

Tairi, makopo na mbu

Tairi hazina mnunuzi mkubwa vijijini, na ndiyo maana hubaki. Ndani yake hukaa maji ya mvua kivulini, na hayo ndiyo mazalia anayoyapenda mbu wa Aedes, aenezaye homa ya dengi na ambaye huuma mchana. Milipuko ya dengi ya mwaka 2014 na 2019 ilianzia na kushamiri Dar es Salaam, na mwaka 2019 Tanga nayo iliguswa.

Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba mbu huyo hatagi ndani ya maji, bali hubandika mayai ukutani, juu kidogo ya maji. Mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi mingi. Mtu akimwaga maji ya tairi na kuliacha hapo hapo, mvua inayofuata huyafikia mayai, na katika muda wa wiki moja hivi mbu wapya huruka. Kwa hiyo tairi linalobaki hukatwa au kutobolewa matundu makubwa chini ili lisishike maji, au hujazwa udongo. Nyingine hufaa kuwa hori la mbuzi kwa masharti hayo hayo. Zisichomwe. Moshi wa tairi haumfukuzi mbu kwa zaidi ya saa moja, ila humletea mwenye pumu usiku mgumu. Nyaya za umeme nazo zisichomwe ili kupata shaba: zikimenywa kwa kisu, shaba hutoka ikiwa safi na hupata bei bora kuliko iliyoungua.

Siku ya kazi

Kazi ifanyike wakati wa ukavu, kati ya Juni na Septemba au mwezi wa Januari na Februari kabla ya masika, kwa kuwa udongo mkavu hushika mguu na mapipa yenye kutu hayajajaa maji. Ianze alfajiri, watu wasiopungua watatu, na mmoja wao awe na simu yenye chaji. Bati huinuliwa kwa kulabu kwenye ukingo wa mbali, likivutwa kumwelekea anayeinua, ili liwe ngao kati yake na nyoka. Aliyeumwa atulizwe, kiungo kisifungwe kwa kamba wala kuchanjwa, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Aliyekatwa na chuma aoshe jeraha kwa maji na sabuni na afike zahanati kupata chanjo ya pepopunda, hata kama jeraha ni dogo.

Kishawishi kikubwa ni kuwasha moto nyasi juu ya lundo ili kuliona vizuri. Makopo ya rangi, mitungi ya dawa na mapipa yaliyofichika humo yatauona moto kabla ya mtu kuyaona.

Vitu vinavyotolewa hupangwa mafungu, kila fungu na mahali pake palipotandikwa turubai: chuma cha kawaida, chuma cha injini, alumini, shaba nyekundu, shaba ya njano, mabati. Mpangilio huu ndio unaoleta fedha. Lundo mseto hupimwa kwa bei ya kitu hafifu kilichomo, na kilo tano za shaba zilizojificha ndani ya mota ya umeme huondoka kwa bei ya chuma. Oili chafu ikusanywe katika dumu lenye mfuniko na kupelekwa gereji inayoikusanya, isitumike kupaka nguzo kando ya kisima.

Vingine visiuzwe kabisa. Kipande cha reli nyembamba kisicho na mgogoro hudumu kama nguzo ya kona kuliko mti wowote, mchwa akipenda asipende. Rimu la lori lililoning'inizwa mwembeni huita wanafunzi wa shule nyingi za vijiji hadi leo, na mlio wake hufika mbali kuliko kengele za dukani.

Mizani na risiti

Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za taka hatarishi, mfanyabiashara anayekusanya na kusafirisha vyuma chakavu anapaswa kuwa na kibali. Muuzaji ana haki ya kuomba kukiona. Mizani nayo inapaswa kuwa na stika ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo. Ikiwa haina, mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa utatosha kuijaribu. Mkazi aite wanunuzi wawili kwa siku tofauti, aandike bei ya kila fungu, kisha auze mbele ya warithi au mjumbe wa kitongoji. Karatasi ionyeshe tarehe, aina, kilo, bei na jina la mnunuzi. Karatasi hiyo ndiyo kinga ya muuzaji endapo baadaye itadaiwa kwamba katika mzigo ule kulikuwa na mali ya umma.

Mzigo mkubwa mno kwa guta, kama korona nzima au tangi la tani kadhaa, usikatwe vipande na vijana wa jirani kwa malipo ya siku. Mnunuzi mwenye winchi na mafundi wenye vifaa aje mwenyewe, na gharama hiyo iingizwe katika mapatano ya bei.

Kwa mama wa ekari kumi na mbili, kazi ya pili ilikuwa ndogo kwa wingi na ngumu kwa uangalifu. Vipande vya asbesto vililowanishwa na kufunikwa. Madumu yaliyobaki yaliwekwa ndani ya ndoo, ghala likafungwa, na afisa ugani akaarifiwa. Udongo wenye rangi ya kijivu chini ya mwembe ulifunikwa kwa kifusi na kuzungushiwa uzio wa miba, na mabanda ya kuku yakahamishiwa upande wa pili wa nyumba. Wajukuu walikatazwa kuokota embe zilizoanguka hapo. Za mtini huangushwa kwa upondo, na huoshwa kabla ya kuliwa. Mwanawe amechukua daftari na sasa anaandika vilivyo nyuma ya ghala, ambako guta halikufika kwa sababu ya miiba. Amekwisha kuhesabu mabati kumi na saba yaliyolala chini. Hajainua hata moja.